Shule ni ndogo, ya masista, na haina maabara: nimhamishe binti yangu?

Mwalimu, pokea salamu kutoka Machakos.

Nina binti wa Gredi ya 8 katika shule ya kibinafsi iliyo chini ya parokia yetu. Ni shule ndogo. Darasani mwao wako 17, na ukijumlisha sekondari msingi yote, Gredi ya 7 hadi ya 9, hawafiki 50. Mwalimu mkuu ni Sista. Walimu wa sekondari msingi ni watano, kwa hiyo kila mmoja amebeba masomo kadhaa. Anayewafundisha Sayansi Jumuishi ndiye anayefundisha Hisabati na Kilimo pia. Maabara hakuna. Kuna chumba cha stoo chenye meza mbili na sanduku la vifaa. Ng'ambo ya barabara iko sekondari ya wasichana ya parokia hiyohiyo, na ile ina maabara yake, lakini sijawahi kusikia watoto wetu wamevuka kwenda huko.

Binti yangu anaipenda sayansi na anasema atakuwa daktari. Ripoti ya muhula wa kwanza ilimpa EE2 katika Hisabati (amezidi matarajio) na ME1 katika Sayansi Jumuishi (ametimiza matarajio). Sista anamjua kwa jina, anajua hata nyanya yake alipokuwa mgonjwa. Hilo nalithamini sana.

Tatizo ni baba yake. Mume wangu ni muumini wa AIC, kanisa la Kiprotestanti, mimi ni Mkatoliki, na tulifunga ndoa kanisani kwetu kwa ruhusa ya Askofu. Miaka yote hajawahi kulalamika kuhusu shule. Sasa ametembelea akademia moja ya bweni mjini na kurudi na picha za maabara kwenye simu: vigae, mifereji, stuli za chuma. Karo ni shilingi 48,000 kwa muhula, nasi hapa tunalipa 24,000. Anasema binti yetu anafundishwa sala badala ya sayansi: Ijumaa Misa, Mei na Oktoba rozari, CRE (somo la Dini ya Kikristo) kila wiki, na bado kuna kipindi cha PPI, kile cha malezi ya kiroho.

Nikuambie ukweli wote. Muhula huu binti ameanza mafundisho ya kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa katika imani, na katekista wa shule, jioni baada ya masomo. Baba yake aliyasikia kwa jirani kabla ya kuyasikia kwetu. Sikumficha, ilinipita tu. Tangu siku hiyo habari ya maabara haijaisha mezani.

Jambo jingine linanisumbua mimi mwenyewe. Walipofika sehemu ya uzazi wa binadamu, waliambiwa wakajisomee nyumbani. Binti alikuja kuniuliza mimi, na nilijibu kwa kadiri ya nijuavyo. Tena shule haifundishi Kifaransa, na ile akademia inafundisha.

Je, nikubali ahamishwe? Na kama ni kuhama, ni lini?

Mama wa watatu, Machakos

*

Mama wa watatu, nimekusikia.

Jibu la haraka: usimhamishe katikati ya mwaka huu, na usikubali shule ibaki jinsi ilivyo. Una muda mpaka Oktoba wa kuamua. Akiingia Gredi ya 9, usajili wa KJSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa gredi hiyo, hufanywa miezi ya mwanzo ya mwaka, na baada ya hapo kuhamahama ni kujitafutia usumbufu wa makaratasi na wa roho.

Tuanze na sala, maana ndizo zilizoshtakiwa. Nenda shuleni uombe kuiona ratiba. Usiombe maelezo, omba ratiba yenyewe iliyobandikwa ukutani. Sekondari msingi ina vipindi 40 kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Tangu masomo yapunguzwe hadi tisa mwaka wa 2024, mgao ni huu: Kiingereza, Hisabati, Sayansi Jumuishi na Sanaa Bunifu na Michezo vipindi vitano vitano; Kiswahili, Elimu ya Dini, Masomo ya Jamii, Kilimo, na lile somo la ufundi ambalo watoto wanaliita Pre-Tech, vinne vinne. Kwa hiyo CRE si zawadi ya masista. Imewekwa na KICD, taasisi ya mitaala, inatahiniwa na KNEC, baraza la mitihani, na hata kwenye ile akademia ya vigae atakaa darasani vipindi vinne vya dini kila wiki. Silabasi yake ni ya Wakristo wote. Kijana wa AIC huisoma bila shida. PPI nayo ni kipindi cha uchungaji kinachopatikana hata katika shule za serikali.

Inabaki Misa ya Ijumaa, na hapo ndipo pa kutazama saa. Misa ikiisha kabla ya kipindi cha kwanza, haijala kitu. Ikila vipindi viwili, uliza ni vya somo gani na vinafidiwa lini. Kama kila Ijumaa ni sayansi inayoliwa, kwa muhula wa wiki 13 vimepotea vipindi 26, yaani zaidi ya wiki tano za somo hilo. Ukikuta hivyo, mume wako ana hoja na itakubidi umwambie hivyo. Ukikuta sivyo, suala la sala limekwisha, na msilirudie.

Maabara ni habari ndefu zaidi. Nimefundisha miaka mingi na nimeona maabara ambazo kazi yake ni kupigwa picha. Mabomba yapo, maji hayapo. Kabati limefungwa, ufunguo uko kwa naibu ambaye ameenda semina. Mume wako alionyeshwa chumba; hakuonyeshwa somo. Akirudi kule, aende Jumatano saa nne asubuhi bila kualikwa, aombe kuwaona Gredi ya 8 wakiwa kazini, kisha ashike chupa moja ya kabatini aangalie vumbi.

Sayansi ya kiwango hiki sehemu kubwa yake haihitaji vigae. Watoto wanapojifunza asidi na besi, kiashiria hutengenezwa kwa kuponda maua ya bougainvillea na spiriti, na vya kupima ni ndimu, magadi na maji ya sabuni. Kanieneo hufundishwa kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu juu, katikati na chini. Ila seli haifundishwi kwa maneno. Mtoto lazima achune ngozi nyembamba ya kitunguu, aitie iodini, aitazame kwa hadubini kwa jicho lake. Anayetaka kuwa daktari na anamaliza Gredi ya 8 bila kuinamia hadubini amepunjwa, na hapo simtetei Sista wala mtu mwingine. Isitoshe, Sayansi Jumuishi ya KJSEA ina karatasi ya nadharia na karatasi ya vitendo. Karatasi ya vitendo haimwonei huruma aliyekariri.

Sasa chukua daftari la binti yako la sayansi jioni hii. Usitazame alama za vema. Tafuta vipimo: sentimita, gramu, dakika, nyuzi joto. Tafuta michoro iliyopinda kidogo, kwa sababu mtoto aliyechora alichokiona huchora vibaya kuliko aliyenakili kitabu. Kisha uliza rafiki yake wa darasani akuonyeshe la kwake. Matokeo ya jaribio yakiwa sawasawa neno kwa neno kwa wote wawili, hawakufanya jaribio, waliandikiwa ubaoni. Mwambie binti akueleze jaribio la mwisho walilofanya kwa mikono yao. Akisema "mwalimu alitueleza", umepata jibu lako.

Usiende kumdai Sista mwalimu kwa kila somo. Piga hesabu yake. Tuseme watoto ni 50, na wote wamelipa, jambo ambalo halijawahi kutokea katika shule yoyote ninayoijua. Shilingi 24,000 mara tatu mara 50 ni milioni 3.6 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Hapo toa mishahara ya walimu watano, mpishi, bawabu, stima, vitabu. Ruzuku ya serikali ya shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi huenda shule za umma tu, na TSC, tume inayoajiri walimu wa umma, haipeleki walimu kwa shule za kibinafsi. Shule ndogo ya parokia hujiendesha kwa karo na kwa Mungu.

Usidhani pia kwamba shule ya umma ya jirani ni jibu la mkato. Serikali ilipoamua sekondari msingi zikae ndani ya shule za msingi, Gredi ya 7 ya kwanza mwaka wa 2023 iliingia kwenye madarasa yasiyo na maabara, na kwingi bado hazijajengwa. Wengi wa walimu walioletwa walikuwa wa mkataba wa mafunzo kazini (intern), na mwaka wa 2024 waligoma kwa wiki kadhaa. Ziko nzuri, ziko mbaya. Nazo utazikagua kwa daftari vilevile.

Swali la kumuuliza Sista ni moja: mwalimu wa Sayansi Jumuishi alisomea nini? Walimu wetu wa sekondari husomea masomo mawili. Wa Hisabati na Fizikia ni wa kawaida sana, na barua yako inaninong'oneza kwamba huyu ni mmoja wao, kwa kuwa anafundisha Hisabati na binti yako anafanya vizuri humo. Lakini Sayansi Jumuishi imekusanya fizikia, kemia na biolojia kwenye mkeka mmoja. Mwalimu wa Hisabati na Fizikia akifika kwenye uzazi wa binadamu anaanza kukohoa. Huenda wewe umedhani ni aibu ya shule ya dini. Mimi nadhani huenda ni mtu asiyejiamini katika biolojia, mbele ya wasichana wa miaka 13, aliyeona afadhali wakasome nyumbani.

Haidhuru ni sababu ipi, halikubaliki. Uzazi umo katika mtaala wa taifa na unaweza kutahiniwa. Kanisa halijakataza watoto kufundishwa miili yao. Lina msimamo wake juu ya maadili, na mahali pa msimamo huo katika shule ya Kikatoliki ni palepale somo linapofundishwa. Mtoto aliyeambiwa akajisomee ataenda kwa rafiki au kwa simu. Wako alikuja kwako, ushukuru. Wale wengine 16 walienda wapi?

Sasa tazama ng'ambo ya barabara. Umeiandika mwenyewe, kisha ukaipita. Sekondari ya wasichana ya parokia hiyohiyo, chini ya Askofu huyohuyo, yenye maabara. Pale pana hadubini, na bila shaka pana mwalimu wa Biolojia. Wizara yenyewe ilizitaka sekondari msingi zisizo na maabara zitumie za sekondari jirani. Kinachokosekana hapa ni barua moja na mtu wa kuifuatilia. Tafuta wazazi watatu au wanne wenzako, wa dini yoyote, mwende kwa Sista pamoja na mwombe mambo mawili: kila wiki mbili Gredi ya 8 na ya 9 wavuke barabara kwa vipindi viwili vilivyounganishwa, na mwalimu wa Biolojia wa kule aje afundishe ile sehemu iliyorukwa. Wazazi mjitolee kununua kemikali zinazotumika, ili mkuu wa sekondari asione mnamla. Tofauti ya karo kati ya shule yenu na akademia ni shilingi 72,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Hadubini ya kawaida ya wanafunzi haifiki bei hiyo. Nami napendekeza mume wako awe mmoja wa watakaoingia ofisini. Amefanya utafiti, ana picha, atumie hasira yake mahali pa faida.

Sista akisitasita, una hoja ambayo hawezi kuikwepa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 806, sehemu ya pili, inawataka wanaoongoza shule za Kikatoliki wahakikishe kwamba kitaaluma masomo yao hayapungui ubora wa shule nyingine za eneo hilo. Umtajie kwa heshima, ukiwa umekaa, baada ya chai. Masista wengi ninaowafahamu wataifurahia kuliko kukasirika, kwa sababu inawapa cha kumpelekea Padri wanapoomba pesa.

Kuhusu alama. Nafasi ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi ya 12, hutokana na mafungu matatu: KJSEA asilimia 60, KPSEA aliyoifanya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Hizi za mwisho shule huziingiza kwenye mfumo wa KNEC kwa nambari ya tathmini ya mtoto, na nambari hiyo humfuata aendako. Ukimng'oa mwezi wa sita, utajikuta kati ya shule mbili, kila moja ikidhani mwenzake ndiye ataingiza alama za mwaka huu. Akimaliza Gredi ya 8 hapo alipo, jambo hilo limefungwa. Uliza tu kama alama za Gredi ya 7 zimeshaingizwa. Shule ndogo husahau.

Kuhusu uwezo wake sina wasiwasi. EE2 ni pointi 7 kati ya 8, ME1 ni 6. Masomo tisa yakikamilika kileleni ni pointi 72. Mkondo wa STEM, ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, unadai Hisabati yenyewe kamili, si ile nyepesi iliyowekwa kwa mikondo mingine, na huko binti yako yuko sawa. Anachohitaji ni kupandisha sayansi ngazi moja au mbili, na mtoto wa Hisabati ya EE2 kwa kawaida huangushwa na vitendo na biolojia, siyo na hesabu za umeme.

Sasa mume wako. Mama, miaka yote shule haikuwa na maabara na alilipa karo kimya. Akasikia kwa jirani kwamba mtoto wake anaandaliwa kipaimara, na wiki hiyo maabara ikawa haivumiliki. Sisemi maabara ni kisingizio. Nimekwisha kusema hoja anayo. Nasema ameumizwa mahali pengine, na vigae havitaponya pale. Ulipofunga ndoa kwa ruhusa ya Askofu uliahidi kufanya uwezavyo watoto walelewe Kikatoliki, naye aliarifiwa juu ya ahadi hiyo. Lakini aliyeahidi ni wewe. Yeye hakuahidi kusikia habari za binti yake kwa jirani.

Mketi naye kabla hujaenda kwa Sista, na umwambie hivi: "Baba Fulani, lile la kipaimara ulipaswa kulisikia kutoka kwangu, siyo barabarani." Usimweleze kanuni za ndoa usiku huo, wala usitaje karo. Siku ya pili mwiteni binti mwenyewe aseme kwa nini anataka kipaimara, na babake amuulize maswali yake yote. Ana miaka ya kutosha kujibu. Akijibu kwamba ameingia kwa sababu darasa zima limeingia, kusubiri mwaka mmoja hakumdhuru. Sakramenti hiyo haina umri wa kustaafu. Akijibu kwa akili yake, baba atakuwa amesikia. Na kama mnataka amani zaidi, siku ya KJSEA mchungaji wa AIC amwombee pia. Haimpunguzii kitu.

Tuje kwenye tarehe. Mpe Sista mpaka mwisho wa likizo ya Agosti apange safari za ng'ambo ya barabara. Muhula wa tatu ni mfupi. Katikati ya Septemba fungua daftari tena. Ukikuta vipimo na michoro iliyopinda, abaki, amalize Gredi ya 9 na watu wanaomjua nyanya yake. Ukikuta maandishi ya ubaoni yaleyale, mtafutie shule ya kutwa yenye mwalimu wa Biolojia, ya umma au ya kibinafsi, ahamie Januari kabla ya usajili. Nimesema ya kutwa makusudi. Mtoto wa miaka 14 kupelekwa bweni mwaka wa mtihani, kati ya wanafunzi mia tatu asiowajua, huku wazazi wakivutana nyumbani, si jambo ningelilipia 48,000.

Kifaransa hakimo katika masomo tisa, wala hakihesabiwi katika zile pointi 72. Akikitaka, akisome kwa raha zake.